Mbuzi Hana Stakabadhi

Korosho ya Nachingwea imepata bahati ambayo mbuzi hajawahi kuiota. Ikitoka shambani inaanikwa, inachambuliwa, inapewa daraja, inapimwa, inaingia ghalani, inaandikiwa stakabadhi, kisha wanunuzi wanashindania bei mnadani kupitia RUNALI, chama kikuu kilichobana Ruangwa, Nachingwea na Liwale katika neno moja. Mkulima anabaki chini ya mwembe akisubiri meseji ya benki. Ufuta nao umeingizwa humo humo, na mbaazi pia. Mbuzi peke yake, mwenye miguu minne, roho na maoni yake binafsi, ndiye anayeuzwa kwa macho na maneno, nyuma ya nyumba, huku mashahidi wakiwa ni kuku.

Mwongozo huu unamfaa mtu anayekwenda kununua mbuzi kwa mfugaji mdogo wa wilaya hizi, yule mwenye mbuzi wanane au kumi na tano kwenye banda la kichanja. Unamfaa pia mfugaji mwenyewe. Wausome wote wawili, maana hakuna siri itakayovuja. Kila mmoja anaujua ujanja wa mwenzake tangu utotoni, ila adabu inamtaka ajifanye haujui.

Kwanza, chagua mwezi wa kuumia

Ukitaka kununua ghali, njoo Novemba. Minada ya korosho inakuwa imeanza tangu Oktoba, fedha zimeingia, na kila nyumba inakumbuka ahadi zake: bati, pikipiki, harusi, hitima iliyoahirishwa mara mbili. Kila mtu anataka mbuzi. Tatizo ni kwamba mwenye mbuzi naye ana mikorosho, naye amelipwa, naye amevaa shati jipya. Ukimwambia unataka kununua, anakuuliza kwa upole kabisa: "Nimuuze kwa shida gani?" Hilo ni swali gumu, wala usijaribu kulijibu.

Ukitaka kununua rahisi, njoo Januari au Februari. Mvua zimechanganya, ghala la mahindi linatoa mwangwi, na watoto wamefungua shule. Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari havikusikia tangazo hilo. Wakati huo hutamtafuta mfugaji. Yeye ndiye atakayekutafuta, na atakuita "mwanangu" hata kama umemzidi umri.

Soko letu basi lina kanuni moja tu: mwezi wenye wanunuzi hauna wauzaji, na mwezi wenye wauzaji hauna wanunuzi. Katikati ya miezi hiyo miwili ndipo dalali alipojenga nyumba yake. Huku Kusini, anayenunua korosho ya mkulima mwenye njaa kwa bei ya kutupa, kabla ya mnada, anaitwa kangomba, na serikali humkamata. Anayenunua mbuzi wa mkulima huyo huyo, kwa njaa ile ile, anaitwa mteja, na hukaribishwa kiti.

Wafugaji wenye busara wanalijua hili, ndiyo maana wanalazimika kulisahau kila mwaka. Mbuzi ni akiba ya siku mbaya, na siku mbaya haisubiri bei nzuri. Wazee wanaukumbuka msimu wa 2018/2019. Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Halafu ukaja uhakiki, na malipo yakachelewa. Mwenye mbuzi bandani alikuwa na cha kushika. Hata hivyo, hakuna kamanda aliyeshuka kwenye lori kuulizia bei ya mbuzi.

Kwa ndugu yetu wa Dar es Salaam mwenye simu na hesabu

Huyu lazima tumtengee nafasi yake. Amekaa ofisini, kachukua karatasi, kaandika: mbuzi jike kumi, kila mmoja anazaa pacha, mara mbili kwa mwaka, wanawe wanazaa tena, baada ya miaka mitano nina mbuzi mia kadhaa na gari jipya. Tayari ameshamtumia binamu yake wa Naipanga fedha za kuanzia.

Ndugu yangu, mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi. Baada ya hapo ananyonyesha, anarudisha mwili, ndipo anapomkubali dume tena. Anayetunza vizuri sana hupata uzao mara tatu kwa miaka miwili, na mzao wa kwanza mara nyingi ni mmoja tu. Toa wanaokufa kwa minyoo, wanaochukuliwa na fisi, na yule aliyechinjwa siku binamu alipopata mgeni. Toa na madume, ambao hawazai hata ukiwahesabu mara mbili. Kinachobaki kinatosha kununua tairi.

Usione aibu lakini, maana umekosea hesabu katika wilaya yenye historia ya hesabu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja Tanganyika na mpango wa karanga: Kongwa, Urambo na hapa hapa Nachingwea. Karatasi zilionyesha mamilioni ya ekari, matrekta yakaja, ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kutoka baharini mpaka huku. Mwaka 1951 mpango ukazikwa, ukiwa umekula mamilioni ya pauni na kutoa karanga ambazo ni afadhali tusizitaje. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Imebaki kata inayoitwa Stesheni, ambayo haina treni. Wale walikuwa na wataalamu na Bunge la London nyuma yao. Wewe una binamu.

Jinsi ya kuonyeshwa mbuzi

Muuzaji mzoefu hamtoi mbuzi bandani kiholela. Kwanza atahakikisha umekuja mchana, baada ya malisho, tumbo likiwa limejaa. Kama anajua mapema unakuja, chumvi kidogo na ndoo ya maji vitafanya kazi ambayo majani yalishindwa. Kisha atamsimamisha akuelekezee ubavu wa kushoto. Hii ni elimu kubwa, tafadhali iheshimu: tumbo la kucheulia la mbuzi liko kushoto, kwa hiyo mbuzi yeyote aliyeshiba na kunywa, hata mwenye mifupa ya kuazima, ubavu wa kushoto anaonekana tajiri. Wewe zunguka polepole, ukijifanya unasifia mpapai wa jirani, umwone kwa kulia na kwa nyuma. Pitisha kiganja juu ya uti wa mgongo. Ukiweza kuhesabu pingili bila kubonyeza, ulichokishika ni ndoo ya maji yenye pembe.

Baada ya hapo utaambiwa ana mimba. Mimba hiyo ni ya miezi mitatu. Sijawahi kusikia jike anayeuzwa akiwa na mimba ya mwezi mmoja, kwa sababu haionekani, wala ya miezi minne na nusu, kwa sababu hapo utataka kuuona uthibitisho. Mitatu ndiyo mimba ya biashara.

Halafu itakuja nasaba. "Huyu ana damu ya Boer." Boer halisi wa Afrika Kusini ana mwili mweupe, kichwa chekundu cha kahawia na masikio yaliyolegea. Nachingwea na Ruangwa, kichwa cha kahawia peke yake kinatosha kumpa mbuzi uraia wa Afrika Kusini. Wapo watakaokuambia ni Malya, na hapo angalau wanataja kitu cha kwetu. Mbuzi wa Malya alizalishwa kanda ya Mwanza kwa kuchanganya Kamorai wa Pakistani, Boer na mbuzi wa kienyeji, apate mwili mkubwa na kuvumilia ukame. Mbuzi mzuri sana. Ila mjukuu wa mjukuu wake, aliyetokana na madume wanne wa kijijini, amebakiza jina tu.

Kwa hiyo usibishane juu ya damu. Uliza swali moja: "Beberu yuko wapi?" Ukisikia "yuko kwa jirani", vizuri. Ukionyeshwa beberu mmoja tu, mwenye ndevu na mamlaka, aliyekaa bandani miaka mitano, basi elewa kwamba yeye ni baba wa hao unaowaona, babu wa baadhi yao, na mume wa wote. Vitoto dhaifu, vinavyokua kwa kusuasua, vinaanzia hapo. Mfugaji mdogo akibadilishana beberu na mwenzake wa kijiji cha mbali kila baada ya miaka miwili, hatumii hata senti. Wengi hawafanyi hivyo kwa sababu beberu wa mwenzake hana ndevu za kuvutia.

Meno, kope na mkia

Hapa kejeli inapumzika kidogo, maana fedha ni zako.

Mbuzi hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Ukiyakosa, usidhani umeuziwa kikongwe, wala usidai punguzo. Wapo waliojaribu na wakachekwa kijiji kizima. Tazama chini. Yapo manane. Yakiwa yote madogo na membamba, mbuzi hajafikisha mwaka au ndio kwanza anaufikisha. Jozi kubwa ya katikati hutoka akiwa na mwaka mmoja na kitu, jozi ya pili karibu na miaka miwili, ya tatu karibu mitatu, ya nne karibu minne. Yakianza kuachana, kulika na kung'oka, jike huyo "aliyezaa mara moja tu" ni bibi wa banda zima.

Vuta kope la chini taratibu. Ndani pakiwa pekundu, sawa. Pakiwa peupe, minyoo imeshakunywa sehemu yake kabla yako. Tazama chini ya mkia kama pamekauka au pamelowa kwa kuhara. Kamua chuchu zote mbili. Mwache atembee uone kwato. Msubiri acheue, kwa sababu mbuzi mgonjwa hacheui, na hili ndilo jambo pekee ambalo hata muuzaji hodari hawezi kumfundisha. Akiwa na kamasi, vidonda mdomoni na kuhara kwa pamoja, aga kwa heshima uondoke, maana hiyo inaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008, na ukimpeleka kwako anaweza kuwaua wenzake wengi. Chanjo yake ipo. Juni 2025 Rais Samia alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo huko Bariadi. Uliza kama mbuzi amechanjwa, na lini. Jibu la "wote wamechanjwa" likitolewa huku mtu anatazama milimani, lihesabu kuwa hapana.

Bei, na mwenye mbuzi wa kweli

Kosa la mgeni ni kufika na kuuliza "Bei gani?" Huko ni kutukana watu. Kwanza shikamoo. Kisha kiti. Kisha mvua, korosho, ubwiriunga wa mwaka huu, na Namungo. Ukiwa upande wa Ruangwa, Namungo ni lazima. Timu iliingia Ligi Kuu msimu wa 2019/2020, msimu uliofuata ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na uwanja wake wa nyumbani uko Ruangwa mjini. Mzee aliyeanza kusimulia safari ile hupunguza bei bila kujua. Ukiwa shabiki wa timu ya Kariakoo, ficha.

Ndipo mazungumzo yenyewe yanakuja.

"Mzee, yule wa madoadoa unampa mtu kwa ngapi?"

"Yule? Yule siuzi."

"Basi."

"Laki na ishirini."

"Sabini, mzee wangu."

"Sabini ni ya kuku, mwanangu. Na tena kuku wa mayai."

Mtakwenda hivyo mpaka tisini na tano, mtapeana mikono, utatoa fedha mfukoni. Hapo atatokea mama kutoka jikoni, akijifuta mikono kwenye kanga, na kusema mbuzi ni wake. Ni kweli, ni wake. Mtaanza upya, na shikamoo nyingine. Mkishakubaliana na mama, atakuja mjomba. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao wa huku wanahesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana sauti kwenye mali ya dada yake hata kama mbuzi mwenyewe hajawahi kumwona. Mjomba hapingi kuuzwa. Anachotaka ni kuulizwa, na nauli. Mnunuzi mwenye akili huuliza mwanzoni kabisa, kabla ya kukaa: "Jamani, huyu mbuzi ni wa nani?" Swali hilo linaokoa alasiri nzima.

Kuhusu kamba, usidhani imo kwenye bei. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, lakini kamba yenyewe ina bei yake.

Mwenye bucha ana hesabu nyingine, nayo ni fupi. Mbuzi wa kienyeji mwenye kilo 25 akichinjwa hubakiza nyama na mifupa kilo 11 au 12. Kinachobaki ni ngozi, damu, utumbo na yale maji ya chumvi tuliyoyataja. Kwa hiyo kabla hujatoa laki, jua unanunua kilo ngapi. Lakini utajuaje? Mfugaji anakadiria kwa jicho, mnunuzi anakadiria kwa jicho, na ajabu ni kwamba jicho la mmoja huona kilo thelathini pale ambapo la mwenzake linaona kumi na nane. Hakuna mwenye mizani. Mtu huyu huyu, korosho yake ikipungua kilo mbili kwenye mizani ya chama, ataitisha mkutano, atapiga simu wilayani, atasimama mbele ya mkuu wa wilaya na kuonyesha kidole. Mbuzi wake akipunjwa kilo saba, anasema "riziki", anaingia ndani.

Kwa muuzaji, kwa ufupi

Usiuze jike anayezaa pacha na kulea wote wawili. Najua ndiye anayependwa, najua bei yake ni nzuri. Ukimwuza huyo na kubakiza wale wanaozaa mmoja na kumkanyaga, baada ya miaka minne utakuwa na banda la wakanyagaji, kisha utasema mbuzi wa siku hizi wameharibika. Uza madume wanaokua. Mhasi mapema unayetaka anenepe kwa ajili ya ndafu ya harusi. Yule mwenye tabia ya kuruka uzio na kula mbaazi za mwalimu mkuu, muuze kwa mtu wa mbali, na usimsifie kwa kusema "mchangamfu".

Weka daftari: nani kazaliwa lini, na nani, kachanjwa lini. Mnunuzi akiona daftari hushtuka kidogo, hunyamaza, na huongeza elfu kumi. Sikukuu ya kuchinja ikikaribia, daftari linaongea zaidi, kwa sababu mbuzi wa kuchinja ana masharti ya umri, na hatakiwi kuwa chongo, kilema, mgonjwa wala aliyekonda kupita kiasi. Mwenye akika ya mtoto wa kiume anatafuta wawili kwa mpigo. Huyo usimwonyeshe ubavu wa kushoto tu. Atarudi na sheikh.

Safari

Umenunua. Sasa unahitaji barua ya mtendaji wa kijiji kwamba mbuzi hajaibwa, na kibali cha afisa mifugo kama unamtoa wilayani, kwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Mtendaji atakuwa ameenda semina. Msubiri. Anayesafiri bila barua hugundua kizuizini kwamba mbuzi wa elfu tisini na tano anaweza kugharimu laki na nusu kabla hajafika Nanganga.

Kumtia kwenye gunia na kumfunga nyuma ya bodaboda, kichwa kikipepea, ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na pia ni njia ya hakika ya kufika na nyama ambayo haijachinjwa. Tenga pana lipo, nafasi kwenye Kirikuu ipo. Ukifika, mtenge na wenzake wiki mbili hadi tatu, mpe dawa ya minyoo, mtazame. Wengi hawamtengi, kwa sababu mgeni lazima atambulishwe kwa jamaa.

Na ukiuziwa mbuzi kwenye gunia kwa maana ile nyingine, usirudi na polisi. Rudi na mjomba wako.

Sasa neno kwa viongozi wa vyama vya msingi vya Nachingwea na Ruangwa. Mizani zenu za ghalani zinafanya kazi msimu wa ufuta, wa mbaazi na wa korosho, kisha kuanzia Februari mpaka ufuta mpya zinafunikwa turubai, miezi ile ile ambayo mfugaji anauza mbuzi kwa shida. Zifunueni siku moja kwa wiki. Tozeni shilingi mia tano kwa kila kichwa, mwandikieni mtu kilo zake kwenye karatasi. Mbuzi tutamshika wenyewe.